Salamu za Noeli 2025: sufuria ya dada

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanajumuiya, ndugu, jamaa na marafiki, mliobaki hapa Dar na mliokwishapanda mabasi pale Mbezi, nawasalimu nyote. Kwetu katibu ndiye anayeandika salamu za sikukuu, na mwenyekiti ameshanipigia simu mara mbili kunikumbusha. Basi nianze na yale ya wajibu. Nawatakia Noeli yenye heri na baraka tele, afya njema, amani majumbani, na Mwaka Mpya 2026 wenye fanaka. Wagonjwa wapate nafuu, wafiwa wafarijike, wasafiri wafike salama na warudi salama. Amina.

Mwaka umekuwa mzito, ndugu zangu. Tuliuanza tukijiita Mahujaji wa Matumaini, ile kaulimbiu ya Jubilei, mwaka mtakatifu wa Kanisa. Mlango wa Jubilei ulifunguliwa Roma mkesha wa Noeli ya 2024, nasi huku tukashona sare. Pasaka haijapoa, Jumatatu yake, tarehe 21 Aprili, tukasikia Papa Fransisko amelala. Agosti zamu ikawa ya nyumbani kwangu. Za mwisho wa Oktoba, siku zile za uchaguzi na amri ya kutotoka nje, sizisimulii, kila mmoja anazo zake. Sasa Desemba ndiyo hii: kuku wa kienyeji anaitwa elfu thelathini na muuzaji wala hacheki, nazi usiiguse kama huna nia ya kununua, tiketi za treni ya Morogoro ziliisha wakati sisi bado tunajadiliana nani aende na nani abaki. Mwaka huu tumebaki Tabata. Maembe tu ndiyo yametuonea huruma.

Wengi wenu mlikuja kumsindikiza dada yangu mkubwa, na Mungu awalipe. Tulimpeleka Matombo, kule Morogoro, tukampumzisha jirani na mama. Ninalotaka kuwaambia lilitokea tuliporudi. Siku turubai lilipofunguliwa, watu wakaanza kuja mmoja mmoja, siyo kutoa pole, ile walishatoa. Walikuja kurudisha vitu. Kijana wa bodaboda alileta ngazi. Mama mmoja wa mtaa wa pili alileta mbuzi ya kukunia nazi na koleo. Likaja jiko la mkaa, vikaja viti vya plastiki vinne, ikaja pasi ambayo mimi nilidhani imeibwa tangu mwaka juzi. Wiki nzima hodi haikukatika. Chumba cha dada kilikuwa na kitanda, kabati na picha ya Moyo Mtakatifu, nasi tulizoea kusema maskini hana kitu. Kumbe vitu vyake vilikuwa kwa watu. Nyumba ilijaa yeye alipokwisha kuondoka.

Cha mwisho kurudi kilikuwa sufuria kubwa, ile yenye mkono mmoja uliofungwa kwa waya, chini imechorwa herufi za jina lake kwa msumari. Jirani yetu Mwislamu, ukuta kwa ukuta, aliiazima kwa ajili ya hitma ya mama yake. Alivyoileta ilikuwa na pilau mpaka nusu, juu imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alisema, “Jirani, dada yako hakuwahi kunipa chombo kitupu, nami sitamrudishia kitupu.” Mfuniko haukuwepo. Alidhani uko kwetu, sisi tulidhani uko kwake.

Niseme ukweli, maana kwenye kitubio nimeshausema. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgombeza dada: “Utaazima watu mpaka lini? Siku ukihitaji wewe utaona.” Yeye alikuwa akijibu, “Nikihitaji nitakwenda kuomba,” basi, anaendelea kuchambua mchele. Ikaja Oktoba. Maduka yamefungwa, wakala wa pesa amefungwa, mtandao hakuna, saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani. Pesa iko kwenye simu na simu imekuwa kama jiwe. Siku ya tatu mama watoto alikuwa anapima unga kwa kikombe cha chai. Nikasikia mtu anagonga ukuta wa nyuma, taratibu. Ni yule jirani, anapitisha juu ya ukuta bakuli la maharage ya nazi, bado ya moto. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Nilipokea kwa mikono miwili.

Na huyo huyo, wiki tatu baadaye, alinijia mlangoni ana shughuli, anaomba sufuria. Nami nikamjibu kwamba imetoboka.

Kwa nini nilisema hivyo mpaka leo sijui vizuri. Nilijiambia ni kumbukumbu ya marehemu, isije ikapotea kama mfuniko. Huenda ni kweli. Huenda ni choyo tu kilichovaa nguo nyeusi. Wiki ya pili ya Majilio nilikwenda kuungama. Malipizi niliyopewa niliyamaliza kabla sijafika kituo cha daladala, lakini hiyo sufuria ilinichukua siku nne kuinua na kuvuka nayo geti. Niliipeleka na kilo tatu za mchele ndani. Shughuli yake ilishapita zamani, aliazima kwingine. Akaigeuza, akaikagua chini juani, akaniuliza, “Imezibwa?” Nikasema imezibwa. Akasema, “Fundi wako hodari, alama haionekani,” kisha akacheka mpaka akajishika kiuno.

Ndugu zangu, hapa mniwie radhi, nitahubiri kidogo, na paroko asinione.

Tunapoulizwa kama tunakua katika imani tunahesabu. Noveni tatu, rozari ya Oktoba, hija ya Jubilei, watoto wawili kipaimara. Ni vitu vizuri, sivibezi. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba Kristo hakung'ang'ania kuwa sawa na Mungu, bali alijishusha akatwaa namna ya mtumwa, hakuwa anafundisha katekisimu ya juu. Alikuwa anawasema watu wa kanisa moja waliokuwa wakishindana wao kwa wao, kila mtu akitazama mambo yake. Alikuwa anatusema sisi! Sisi tunaoahidi laki mbili kwenye kamati ya harusi, kadi ikiwa ya dabo, halafu jirani akilazwa tunatuma elfu mbili na kuandika “pole sana”. Sisi tunaogombea kusoma somo la kwanza, na ikifika zamu ya kufagia kanisa tuna safari. Yesu usiku ule wa mwisho alichukua beseni na maji akawaosha miguu, na Yuda alikuwa bado amekaa palepale, miguu yake nayo ikaoshwa. Nani kati yetu ataosha mguu huo? Mimi nimeshindwa kuazimisha sufuria kwa mtu aliyenilisha!

Zamani nilikuwa namlaumu sana yule mwenye nyumba ya wageni kule Bethlehemu. Luka wala hamtaji. Anasema tu kwamba nafasi haikuwapo. Huyo mzee mkali wa kufukuza watu tumemtia sisi kwenye maigizo ya watoto. Sasa namwonea huruma. Sidhani alikuwa na roho mbaya. Nafikiri alikuwa na sababu nzuri, tena ya heshima, kama hiyo yangu ya chombo kilichotoboka. Imani yetu hailiwi na dhambi kubwa tu, wapendwa, inaliwa na sababu nzuri nzuri. Ada za Januari ni sababu nzuri. Bei ya kuku ni sababu nzuri. “Nitasaidia nikijaliwa” ni sababu nzuri kuliko zote, inatamkwa hata kanisani. Naye Yohana alikwisha kutuambia upendo wa ulimi tu hautoshi, unatakiwa wa vitendo.

Mwaka huu Papa Leo ametoa wosia wa kitume juu ya upendo kwa maskini, uliotiwa sahihi tarehe 4 Oktoba, siku ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kazi hiyo aliianza Papa Fransisko, mauti yakamkuta hajaimaliza, na aliyefuata akaichukua. Nimelifikiria sana jambo hilo. Dada hakuacha wosia wa karatasi. Aliacha ngazi, koleo, mbuzi ya nazi na orodha ya watu wanaojua mlango wetu, na wameanza kurudi. Juzi kijana wa bodaboda ameondoka tena na ngazi.

Inatosha, nisije nikamaliza mahubiri ya Epifania. Ratiba ni kama ifuatavyo. Misa ya mkesha tuwahi, mwaka jana wengine tulisimama mpaka baraka. Alhamisi baada ya misa ya kwanza, jumuiya inapika kwangu kwa ajili ya wajane wetu, wagonjwa wa nyumbani na yeyote atakayepita. Anayeweza mchele alete mchele, anayeweza kitunguu kimoja alete hicho kimoja. Mpishi ni jirani yangu. Amesema pilau ya Wakristo wa mtaa huu inamtia aibu, kwa hiyo sisi tutamenya na kukaa kimya. Jumapili tarehe 28, Familia Takatifu, tunafunga Jubilei jimboni, sare zile zile.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya kwenu nyote, kutoka kwangu, mama watoto na watoto.

Anayetaka sufuria aseme mapema. Ya tarehe 31 imeshachukuliwa na watu wa kona. Na kama kuna mwenye mfuniko mkubwa ambao hajui ulifikaje kwake, ni wa kwetu.