Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa New South Wales: na wale watoto wa kibandani?

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kwa Kiswahili ili wazazi wenzangu tuliohamia Sydney kutoka Afrika Mashariki na Kongo waisome kwanza. Wewe hutakosa mkalimani.

Binti yangu yuko darasa la nne, ambalo watoto hufundishwa jinsi Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na Wazungu walivyokutana mara ya kwanza. Juzi alirudi na picha ya merikebu Endeavour ya kupaka rangi. Chini yake maswali matatu: nahodha alikuwa nani, alifika lini, alitua wapi. Akapata vema zote tatu.

Nilicheka, maana vema kama hizo nilizipata mimi pia Tanzania. "Nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" Rebmann, mmisionari Mjerumani, 1848. Wachaga waliokuwa wakilima migomba chini ya theluji ile hawakuulizwa kwenye mtihani.

Binti yangu alipaka bahari vizuri sana. Ila ufukweni hapakuwa na mtu wa kumpaka rangi, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Siku ile, 29 Aprili 1770, ufukwe wa Kamay, unaoitwa pia Botany Bay, ulikuwa na wenyewe. Wanaume wawili wa Gweagal, ukoo wa Waaborijini wa Dharawal, walisimama na mikuki wakipaza sauti, mbele ya mashua zenye watu na bunduki. Nahodha wa Endeavour, Mwingereza James Cook, aliwarushia misumari na shanga, kisha akafyatua risasi. Mmoja alipatwa na marisau. Hakukimbia, alichukua ngao. Bunduki zililia mara tatu kabla hawajarudi nyuma.

Kisha Cook akaingia kwenye vibanda vya magome ya miti. Katika kimoja, anaandika mwenyewe, kulikuwa na watoto wadogo wanne au watano. Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwa naye, anasema walijificha nyuma ya ngao. Wageni wakawaachia shanga, wakaondoka na mikuki kama 40 au 50. Kesho yake walikuta watoto hawapo, shanga ziko palepale. Cook alidhani labda wenyeji waliogopa kuzichukua. Mimi ni mama, na nadhani nyingine: nani atamvisha mwanawe shanga za mtu aliyempiga baba yake risasi jana?

Nilimsimulia binti yangu. Hajaniuliza tena habari za merikebu.

Najua nitaambiwa watoto wa miaka tisa ni wadogo mno kwa habari za bunduki. Wale wa kibandani walikuwa wadogo zaidi. Wala siombi somo liwe la risasi tupu. Miezi michache baadaye, Endeavour ikitengenezwa huko kaskazini, mabaharia walivua kasa katika maji ya Waguugu Yimithirr, wenyeji wa huko, na wakakataa kuwagawia. Wenyeji wakachoma nyasi, bunduki ikalia, kisha mzee wao mmoja akaja na mkuki uliovunjwa ncha, wakapatana. Mtoto yeyote aliyewahi kugombania chakula na nduguye ataielewa hadithi hiyo. Neno kangaruu nalo lilitoka kwa watu hao hao.

Mikuki minne kati ya ile iliyochukuliwa Kamay ilikaa Cambridge, Uingereza, zaidi ya miaka 250, ikarudishwa 2024 kwa jamii ya La Perouse, ng'ambo ya ghuba ileile. Kwa hiyo hatuzungumzii watu waliokwisha. Wapo, wanafikika kwa basi. Ndiyo maana ombi langu, Mheshimiwa, ni la bajeti zaidi kuliko la vitabu: wizara yako iwaalike wazee wa Dharawal wakae na walimu wa darasa la nne kabla somo halijaandaliwa, na walipwe kama mtaalamu mwingine yeyote. Chai na cheti si malipo. Na ile karatasi ya kupaka rangi, kama lazima ibaki, ichorwe upya mchoraji akiwa amesimama nchi kavu, merikebu ikiwa kitu kidogo kule mbali.

Juzi usiku binti yangu aliuliza wale watoto walitoka kibandani wakati gani, na nani alikuja kuwachukua. Sikuwa na jibu. Nilimwambia amuulize mwalimu, naye mwalimu, kwa uungwana tu, akasema atatafuta. Mpe mwalimu huyo mahali pa kwenda kuuliza.

Wasalaam,
Mzazi wa darasa la nne, Sydney