Papa na Rabi walishakumbatiana, watoto wetu bado wanarusha mchanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nina jambo limenikaa moyoni tangu Ijumaa Kuu.

Mi ni Mkatoliki wa hapa Bagamoyo. Kila mwaka vijana wetu wanaigiza Njia ya Msalaba na mwaka huu kutafuta mavazi niliachiwa mimi, basi nikaenda kwa mzee mmoja jirani yangu, Mwislamu, nikaazima kanzu sita za kuwavalisha wale wanaocheza Wayahudi. Igizo likaenda vizuri, kina mama walilia kabisa, ila lilipoisha tu nikaona watoto wanamkimbiza kijana mmoja bado ana kanzu yake, wanamrushia mchanga na maganda ya machungwa huku wanapiga kelele Myahudi huyo, kamuua Yesu! Na sisi wakubwa tumesimama pale tunacheka. Mimi pia nilicheka.

Jioni narudisha kanzu, moja imechanika kwapani, yule mzee akaniuliza taratibu tu, hivi mwanangu, Nabii Isa mwenyewe si alikuwa wa Bani Israili, na mama yake, na wanafunzi wake, sasa mbona kanzu mmewavalisha wabaya peke yao? Nikakosa jibu.

Kinachoniuma ni kwamba Kanisa letu jibu lilishalitoa zamani. Mwaka 1960 mzee wa Kiyahudi wa Ufaransa, Jules Isaac, mwanahistoria ambaye mke wake na binti yake waliuawa na Wanazi, alikwenda Roma akiwa na miaka 82 kuonana na Papa Yohane wa 23, akamwomba Kanisa liache kufundisha watu kuwadharau Wayahudi. Papa alimsikiliza, kazi akapewa Kardinali Bea, na tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ukapitisha Nostra Aetate, tamko la Kanisa kuhusu dini nyingine, kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Humo imeandikwa wazi kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Yaani huu ni mwaka wa sitini na kitu na sisi bado tunarusha mchanga!

Na hawakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa Pili aliingia kwenye sinagogi kubwa la Roma, akapokelewa na Rabi Elio Toaff, kiongozi wa dini wa Wayahudi wa pale, akawaita Wayahudi ndugu zetu wapendwa, na kwa namna fulani kaka zetu wakubwa, na Papa huyo alipofariki ikaonekana kamtaja rabi wa Roma hadi kwenye wosia wake. Papa Fransisko na Rabi Skorka walianza urafiki Buenos Aires, Argentina, kabla Fransisko hajawa Papa, wakawa wanatembeleana, wanabishana, wakaendesha kipindi cha televisheni pamoja na rafiki yao mwingine, na mwaka 2014 pale kwenye Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa Wayahudi huko Yerusalemu, walikumbatiana wakiwa na Omar Abboud, Mwislamu wa hukohuko Argentina. Mi naona siri yao ni hiyo, walikuwa wanaendana nyumbani miaka na miaka, sio kukutana siku ya sherehe kupiga picha na kula pilau halafu kila mtu kwake.

Huku kwetu rabi hatuna wa kumwalika, lakini mafundisho ya kipaimara tunayo, na mimi nilipofundishwa utotoni sikusikia hata siku moja kwamba Bikira Maria alikuwa Myahudi. Kwa hiyo nawaomba mapadre na makatekista, kabla ya Kwaresima ijayo, ile aya ya nne ya tamko isomwe kanisani kwa Kiswahili cha kawaida na watoto wakiwepo, halafu vijana wakae chini waipitie ile script yao upya. Misheni ya hapa ipo tangu 1868, katikati ya Waislamu, hatuwezi kusema hatujui kuishi na jirani wa dini nyingine.

Ile kanzu nilirudi nayo nyumbani nikaipeleka kwa fundi, nikaifua na kuipiga pasi mwenyewe. Mzee kaipokea, kaniambia mwakani nikizihitaji niende tu, ila niazime saba, na huyo anayecheza Yesu naye avae.

Msomaji wako,
Bagamoyo