Madijei, zimeni spika vugo lipite

Mhariri, mimi ni wa hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Juzi kwenye arusi ya jirani nilimuona nyanyangu kashika pembe ya nyati anaigonga na kijiti, ka-ka, ka-ka, vugo lenyewe, ile ngoma ya arusi ya wanawake, basi usiku sikulala nikatunga wimbo kwa simu, kila mstari mizani (silabi) 16, nane kwa nane. Nikamsomea. Akanicheka, ati hapo kwa bibi arusi nimesema wazi mno, kwenye kuku wengi hakumwagwi mtama, weka fumbo. Nikaweka asumini badala ya jina (kweli ukawa mtamu zaidi). Sasa wanawake wataimbaje na dijei kafungua spika mpaka pembe hazisikiki? Jamani tupeni hata dakika kumi tu, nyanya mwenyewe ashaanza kuukariri.

Mtunzi, Mombasa