Tezi dume: muulizeni mgonjwa na upande wa mama

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme juu ya saratani ya tezi dume, na hasa juu ya swali ambalo huulizwa nusu. Mzee akifika spitali na mkojo unaokatikakatika, au kipimo cha damu cha PSA (protini inayotoka kwenye tezi dume) kimepanda, ataulizwa: "Baba yako aliwahi kuugua maradhi haya?" Akisema hapana, kalamu inashuka mstari wa pili.

Swali hilo halitoshi. Jeni inayojulikana zaidi kwa kuleta saratani kali ya tezi dume ikiharibika ni BRCA2, ambayo kazi yake ni kurekebisha DNA iliyokatika. Imekaa kwenye kromosomu ya 13, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni, na kila mtu, mke kwa mume, anazo kromosomu hizo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwanamke hana tezi dume, lakini anaweza kumpa mwanawe wa kiume jeni iliyoharibika, na yeye mwenyewe ikamtokea kwa sura ya saratani ya ziwa au ya ovari. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanaume 692 wa Marekani na Uingereza ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa. Asilimia 11.8 walikutwa na kasoro ya kurithi katika jeni za kurekebisha DNA, na BRCA2 peke yake ilikuwa asilimia 5.3. Kuwa na jamaa aliyeugua tezi dume hakukuleta tofauti: wenye kasoro walikuwamo kwa kiwango kilekile katika koo zenye maradhi hayo na zisizokuwa nayo. Anayeuliza habari za baba tu, basi, atawapita wengi.

Hapa kwetu Pemba kuna tatizo jengine. Majina yetu matatu yanafuata mkondo wa baba. Juma Ali Khamis ameshakwambia baba yake na babu yake mzaa baba, lakini babu mzaa mama hayumo, wala mjomba, wala mama mkubwa. Lazima mtu akae na karatasi achore: mgonjwa katikati, ndugu zake ubavuni, wazee juu pande zote mbili, na kila mwenye maradhi aandikiwe ni maradhi gani na yalimpata akiwa na umri gani. Umri ndio unaosahauliwa sana, na ndio wenye uzito. Saratani ya ziwa ya bibi wa miaka 78 na ya shangazi wa miaka 41 si habari moja.

Na maneno ya kuulizia yawe ya nyumbani. Ukiuliza kama yupo aliyekuwa na saratani ya ovari utaambiwa hakuna. Uliza kama kuna mwanamke aliyejaa maji tumboni bila ya mimba, huku mikono na miguu inakonda, akafariki baada ya miezi. Uliza kama kuna aliyekuwa na donda la ziwa lisilopona. Hapo ndipo majina yanaanza kutoka. Ini na moyo pia hujaza maji, kwa hiyo jibu la ndiyo ni alama ya kuulizia zaidi, si ushahidi. Saratani ya kongosho na saratani ya ziwa kwa mwanamme ziandikwe pia, hata ikiwa ni mtu mmoja tu katika ukoo.

Tuje kwenye kipimo chenyewe. Watu wanasema "kupima jeni" kama kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vipimo viwili. Cha kwanza kinatafuta kasoro uliyozaliwa nayo, na hufanywa kwa damu au mate. Cha pili kinatafuta kasoro iliyozuka ndani ya uvimbe, na hufanywa kwa kinyama kilichokatwa. Cha pili hakichukui nafasi ya cha kwanza. Kikiona BRCA2 imeharibika, bado damu itahitajika kujua kama watoto wa mgonjwa wanahusika.

Damu ni rahisi: mililita 4 au 5 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, igeuzwe polepole mara 8 hadi 10 isigande. Chupa ya kijani ina heparini, nayo huzuia kipimo, kwa hiyo isitumike. Kwa mate, mgonjwa asile, asinywe wala asivute sigara kwa nusu saa kabla. Wazee wa tambuu na ugoro wasukutue kwanza, wangojee nusu saa hiyo, ndio wateme.

Kinyama ndicho kinachoharibika. Utafiti mkubwa wa olaparib, dawa ya saratani kwa wenye kasoro za jeni hizi, uliotoka 2020, ulikwama kwa karibu sampuli 3 katika kila 10, yaani maabara haikupata jibu. Kwetu sababu za kukwama zipo wazi kwa anayejua njia ya sampuli. Kinyama cha tezi dume ni kama uzi mwembamba. Kinatakiwa kiingie mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kikikatwa Pemba Alkhamisi mchana, kikangoja boti, kikangoja Jumatatu, kikawekwa rafuni kwa sababu fomu haikusainiwa, saa 72 zimeshapita zamani. Fomalini inaendelea kuikata DNA vipande vipande. Mtaalamu akitazama kwa hadubini ataiona saratani vizuri na kutoa ripoti, na hakuna atakayeshuku kitu mpaka siku ya kupima jeni. Fomalini iliyochanganywa kienyeji bila ya kusawazishwa inaharibu mapema zaidi. Dawa yake ni ndogo: saa ya kukata iandikwe juu ya chupa, kinyama kigandishwe ndani ya nta kiwe tofali katika maabara iliyo karibu, kisha lisafiri tofali. Nta haijali boti ikichelewa, almuradi isiachwe juani.

Kinyama kikitolewa kwenye mfupa, kisilainishwe kwa asidi kali, maana hiyo inaimaliza DNA kabisa. Na tofali lisitupwe baada ya ripoti. Huenda likatakiwa miaka mitatu baadaye.

Majibu nayo yana mtego wake. Mbali na "ipo kasoro" na "haipo", kuna jibu la tatu: mabadiliko yameonekana lakini maana yake haijajulikana. Watu wenye asili ya Afrika hupata jibu hili mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu hazina za kulinganishia zimejaa vinasaba vya watu wa Ulaya. Jibu hilo lisibadilishe matibabu, lisimpeleke mtu kwenye kisu, wala lisitangazwe kwa ukoo kama msiba. Liwekwe faili, maabara iulizwe tena baada ya mwaka au miwili. Na "haipo" haimaanishi mtu amesalimika. Wengi wenye saratani ya tezi dume hawana kasoro yoyote ya kurithi inayojulikana.

Ikithibitika kuwa BRCA2 imeharibika, yapo ya kufanya. Watoto, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na sarafu hurushwa upya kwa kila mtoto, kwa hiyo wanaweza kuipata wote au asiipate hata mmoja. Mwanamme aliyerithi aanze kupima PSA akiwa na miaka 40, kila mwaka, na ikivuka nanogramu 3 kwa mililita achunguzwe. Asipime akiwa na maambukizi ya mkojo, kwa sababu PSA hupanda bure. Anayetumia finasteraidi kwa tezi iliyovimba kwa uzee aseme, kwa sababu dawa hiyo huishusha PSA karibu nusu na kumdanganya daktari.

Kwa mgonjwa ambaye maradhi yameshasambaa na dawa mpya za homoni zimeshindwa, ndipo olaparib inapoingia: miligramu 300 asubuhi na 300 jioni. Ni ghali, na haifanyi kazi sawa kwa kila jeni. Kwa ATM, jeni nyengine ya kurekebisha DNA, faida yake ni hafifu. Inapunguza damu mwilini, kwa hiyo hemoglobini ipimwe kabla ya kuanza na kila mwezi baadaye. Kosa la kuangaliwa ni kuacha sindano ya kushusha homoni ya kiume kwa kudhani dawa mpya imechukua nafasi yake. Sindano inaendelea, isipokuwa kwa aliyeondolewa korodani. Pale olaparib isipopatikana, karboplatini, dawa ya saratani ambayo ni ya zamani na rahisi zaidi, inaweza kuusinyaza uvimbe wa aina hii, na hiyo peke yake ni sababu ya kutaka kujua jeni.

Kuna jambo wenzetu hulisema kwa kunong'ona: ndoa za mabinamu. Kasoro moja ya BRCA2 haihitaji ndoa hiyo ili ilete saratani. Lakini mume na mke wakiwa wote wanayo, mtoto anaweza kuzirithi mbili akapata maradhi mazito ya damu yaitwayo anemia ya Fanconi. Si sababu ya kuvunja posa. Ni sababu ya wachumba wa ukoo ambao kasoro imeshathibitika kupimwa kwanza, kwa siri, na majibu wapewe wao wenyewe, si wazee wa pande mbili.

Tunachoomba kwa wanaotengeneza fomu za rufaa ni mistari mitatu: jamaa wa upande wa mama wenye saratani, wanawake wenye maradhi ya ziwa au tumbo kujaa maji, na umri wa kila mmoja. Ifanyike hivyo katika spitali za Mnazi Mmoja kule Unguja, na Chake Chake, Wete na Mkoani hapa Pemba, kabla mgonjwa hajapanda boti kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Na mgonjwa asiyejua la kujibu arudi nyumbani na karatasi, akae na bibi wa upande wa mama kama yupo hai. Akumbuke kuuliza na waliofariki wadogo, kwa sababu hao hawatajwi mpaka waulizwe.

Wahudumu wa maabara na wodi,
Pemba