Mama, nimemfutia Kaka deni

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumatano, nami niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo nimelikwepa kwa miaka sita: nitamsamehe Kaka lini? Mimi ni mzima. Habari nyingine za huku nitakuandikia siku nyingine; leo nakujibu hilo.

Unajua kwamba fedha za ujenzi nilizokuwa nikimtumia Kaka nilizipata kwa zamu za usiku, na kwamba picha alizoniletea zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine. Usilolijua ni kwamba ninalo daftari nililoandika kila nilichotuma, tarehe na kiasi, na kwamba hata baada ya kuacha kutuma niliendelea kulifungua. Nilikuwa nikiimba kwaya, nikifunga, nikitoa zaka, kisha nikirudi chumbani kujumlisha upya hesabu ambayo jumla yake nilikwisha kuikariri. Sikujiona mwenye moyo mgumu, nilijiita mwangalifu. Nadhani moyo haugeuki jiwe kwa usiku mmoja, bali hujizoeza kidogo kidogo kutoumia, mpaka uliponiandikia kwamba Kaka amelazwa nikajikuta sikushtuka hata kidogo. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Jumapili iliyofuata, katika Sala ya Bwana, sauti ilinikauka katikati. Mathayo 6 inasema, “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu,” nami mwenye daftari la madeni nilikuwa nimemwomba Mungu, kwa miaka yote hiyo, anitendee kama ninavyomtendea Kaka.

Nikarudia mfano wa mtumwa asiyesamehe katika Mathayo 18. Tangu utotoni nilizoea kusikia kwamba dinari 100 alizomdai mwenzake zilikuwa vijisenti. Sivyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hivyo deni lile lilikuwa jasho la zaidi ya miezi mitatu, na Bwana Yesu hakusema kwamba halikuwapo. Jambo hilo lilinituliza kuliko mahubiri mengi, maana wapo walioniambia niseme “si kitu” ili yaishe, na mimi siwezi kumwita Mungu shahidi wa uongo. Lakini mtumwa yule mwenyewe alikuwa amesamehewa talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, yaani ujira wa siku milioni 60. Nilizidisha tarakimu hizo katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile lile (unanijua kwa hesabu, Mama), kisha nikalia kama mtoto.

Hasira haikuisha siku ile. Asubuhi yake ilirudi, na jioni tena, nikaanza kufikiri kwamba saba mara sabini aliyoambiwa Petro, alipouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, huenda ikahitajika kwa kosa moja tu, kila linapokumbukwa. Sala yangu ikawa fupi: “Bwana, sitaki kumsamehe, nifanye nitake.” Niliisali kwa miezi, bila kusikia lolote, nikiishikilia ahadi ya Ezekieli 36, ambayo ndani yake Mungu mwenyewe ndiye anayesema atautoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Moyo wa nyama unauma, Mama. Sasa nikimkumbuka Kaka akiwa kitandani ninaumia, na nimefurahi kuumia.

Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, alimwita mwanawe wa kwanza Manase, akisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba yote ya baba yake. Hata hivyo ndugu zake walipokuja kununua nafaka alisema nao kwa ukali, akawatia gerezani siku tatu, kisha akajitenga nao akalia. Aliyesahau halii hivyo. Tena hakujitambulisha kwao mpaka Yuda, mmoja wao, alipojitoa kuwa mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini. Kwa hiyo naomba unielewe: simdai Kaka chochote, lakini sitampa tena fedha za kunisimamia kazi, angalau kwa sasa, na ada ya wanawe nitaituma kwako. Silifanyi hilo kwa kisasi, na nitamweleza mwenyewe kwa kinywa changu ili asilisikie kwa wengine.

Daftari sijalichoma, kwa sababu nusu yake ya pili ina nyimbo za kwaya. Nimechana kurasa za hesabu peke yake. Usimwite Kaka mbele ya wazee wala usimtake apige magoti. Mwambie tu kwamba nitampigia simu Jumamosi jioni. Asipoweza kuipokea, usimlazimishe. Nitapiga tena Jumamosi itakayofuata.

Ni mimi mwanao akupendaye.