Uwezo wa mgonjwa usipimwe kwa kuhesabu ng'ombe

Mhariri,

Sera ya Afya ya 2007 inatoa msamaha wa malipo ya matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wenye baadhi ya magonjwa sugu. Asiyeingia humo hupimwa uwezo wa kulipa na afisa ustawi wa jamii, na hapo ndipo wagonjwa kutoka vijijini Kongwa, Chamwino na Bahi hukwama.

Barua nyingi ambazo watendaji wa vijiji huwaandikia wagonjwa hawa husema "hana uwezo", basi. Afisa anataka kujua kaya ina watu wangapi, nani anawalisha, wanalima ekari ngapi na mwaka huu wamevuna nini (Dodoma, kwa ukame wake, hilo si swali dogo). Jina likitofautiana na la kitambulisho, au muhuri ukikosekana, ndugu wanarudishwa kijijini.

Kubwa zaidi ni mifugo. Mwenye ng'ombe wanane anaonekana tajiri. Lakini mgonjwa ambaye figo zimefeli kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, wiki zote. Zizi litabaki tupu mapema. Daktari aandike kwenye fomu ya kuomba msamaha makadirio ya gharama kwa mwezi, ndipo afisa alinganishe na kipato na kusaini.

Msomaji wenu,
Dodoma