"Mzee, si tulirudi salama?": barua ya wazi kwa vijana wanaoteleza nje ya njia

Wanangu,

Jumapili ile mlirudi mnacheka kutoka kuteleza kwa skii mlimani, nje ya njia zilizotengwa. Mmoja wenu alikuwa na theluji mpaka ndani ya kola, skii yake moja imebaki mlimani, nanyi mkanionyesha video: ufa unakimbia juu ya mteremko kama kioo kinachopasuka, bamba zima la theluji linaondoka, mwenzenu anazama hadi kiunoni, kimya, halafu vicheko. Nilipouliza mlikuwa mnatafuta nini pale baada ya usiku mzima wa upepo, mkanijibu kwa adabu zote: "Mzee, si tulirudi salama?"

Siku ile sikuwajibu. Nilikuwa na hasira, na mzee mwenye hasira huhubiri. Sasa zimepungua, nami nawaandikia waziwazi ili wasome na wengine ambao hawakuwepo.

Swali lenu nimelizungusha kichwani wiki nzima, na nadhani ndilo linaloua. Mlima ni mwalimu mbaya. Mwanafunzi akikosea hesabu, mwalimu humwekea alama nyekundu papo hapo. Mlima huweza kukuwekea vema kwa jibu la makosa mara kumi na tisa. Mteremko mbovu haukuvunjika chini yako si kwa sababu ulikuwa mzima. Pengine pale ulipopita bamba lilikuwa nene, uzito wako haukufika kwenye tabaka dhaifu lililo chini. Mita chache pembeni, karibu na mwamba, bamba ni jembamba. Atakayepakanyaga pale ni mwingine, au ni wewe wiki ijayo, nawe utakwenda kwa ujasiri zaidi kwa sababu wiki hii "ulirudi salama".

Tuongee kidogo juu ya theluji yenyewe, maana naona mnazijua skii zenu kuliko mnavyoijua inayozibeba. Theluji hujijenga tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na lake. Mwanzoni mwa majira ya baridi, inapokuwa haba na usiku ni mkali, ardhi chini yake hubaki karibu na nyuzi sifuri ilhali juu baridi inauma. Mvuke hupanda kutoka chini, na chembe hubadilika zikawa kama chumvi ya mawe: ukizishika mkononi zinamwagika, hazishikani. Tabaka hilo linaweza kukaa majuma, hata miezi, likifunikwa na theluji nzuri ya kupendeza. Upepo nao hufanya kazi ya usiku. Huchota theluji upande wa joshi, ule unaopigwa na upepo, na kuimwaga demani, upande uliokingwa nyuma ya ukingo, ikabanwa ikawa bamba. Na hapo demani ndipo macho yenu yanapokwenda kila mara: digrii 30 hadi 45, theluji mpya, hakuna alama ya mtu. Maporomoko mengi ya mabamba huanzia kwenye miinuko hiyohiyo. Uzuri mnaoufuata na hatari mnayoikimbia vinakaa nyumba moja.

Najua watu husema ajali haina kinga. Husemwa matangani, kwa huruma, nami sitamkatiza mfiwa. Lakini kati yetu sisi tunaopanda, msemo huo haufai. Watelezaji wanapouawa na poromoko, takriban mara tisa katika kumi bamba lile lilikatwa na marehemu mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Halikuwavamia. Walilikanyaga. Ni habari chungu, ila kwangu ni habari njema pia, kwa kuwa lililoletwa na mguu wa mtu linaweza kuzuiwa na mguu huohuo.

Sasa yangu.

Nilikuwa na miaka 31. Mteremko ule nilikuwa nimeuteleza majira kumi na moja bila hata kokoto kunifuata. Tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, maneno ambayo tangu siku ile siyatamki ovyo. Pale ukingoni alipiga theluji kwa fimbo yake, akatega sikio, akasema, "Inalia kama ngoma." Nikamwambia, "Basi cheza." Wenzetu wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri na kwa sifa, na baada ya kicheko kile hakuna aliyeweza tena kufungua mdomo. Nikatangulia, nikafika chini. Wa pili akafika. Yeye alikuwa wa tatu.

Beleshi lilikuwa moja kwa watu wanne. Vifaa vya kutoa ishara, vya kumtafutia aliyefukiwa, vilikuwa viwili, kimoja shingoni mwangu na kingine kimesahauliwa ndani ya gari. Tulimpata kwa kuona ncha ya fimbo. Dakika arobaini. Pumzi yake ilikuwa imeganda mbele ya kinywa ikawa kama kikombe cha barafu.

Kwa miaka mingi nilipoulizwa nilijibu kwamba siku yake ilifika. Watu walinipa pole. Hakuna aliyeniuliza habari za ngoma, kwa sababu sikuwahi kuitaja. Leo ndiyo mara ya kwanza naiandika, nanyi mnaweza kuona jinsi kosa langu lilivyoficha somo pamoja na aibu. Waliopita mteremko ule baada yetu hawakujua kwamba theluji inayolia kama kitu kitupu chini ya mguu ni dalili ya hatari, tena dalili ambayo mtu aliisikia, akaisema, akachekwa.

Ndiyo maana nawasihi msome taarifa za ajali. Lakini naona mnavyozisoma: mnatafuta mjinga. Mkishampata mnashusha pumzi, kwa kuwa ninyi si wajinga. Someni kinyume. Tafuteni mahali ambapo nanyi mngesema "twende".

Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifunikwa Lech, Austria, tarehe 17 Februari 2012. Siku hiyo tahadhari ya maporomoko ilikuwa daraja la 4 kati ya 5. Alikaa chini ya theluji kwa dakika zipatazo 25, hakurudiwa tena na fahamu kamili, na akafariki Agosti 2013. Ni rahisi kusema hakusoma tahadhari. Mimi naona kitu kingine: familia yake ilikuwa ikienda Lech tangu yeye mtoto. Mazoea yana taabu, na mtu hatilii shaka sebule ya nyumbani kwake.

Siku mbili baadaye, 19 Februari, katika bonde la Tunnel Creek karibu na Stevens Pass, jimbo la Washington, Marekani, kundi la watu zaidi ya kumi na wawili liliingia bondeni, na watatu hawakutoka. Miongoni mwao walikuwapo watelezaji wa hali ya juu na wenyeji waliolijua bonde lile. Baadhi ya walionusurika walieleza baadaye kwamba walikuwa na wasiwasi pale juu. Wasiwasi ulikuwapo vichwani, kila mtu na wake, na kila mtu aliwatazama wenzake akaona wametulia. Ningekuwapo, na sifa zangu zote, ningetulia vilevile.

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, Colorado, watu sita wenye vifaa kamili walikuwa wakijaribu kufika mahali salama zaidi. Walikuwa chini ya mteremko wakati bamba lilipoachia juu yao, maana tabaka dhaifu linaweza kuvunjika chini na ufa ukapanda. Poromoko likawakumba wote sita. Watano walikufa, na wa sita, aliyefunikwa nusu, alingoja kwa saa nyingi mpaka msaada ulipofika. Walikuwa na mabeleshi. Hakubaki mtu wa kuyashika.

Tazameni tena video yenu mkiwa na picha hiyo akilini. Bamba linapoondoka mko watano ndani ya mteremko mmoja.

Juu ya vifaa sitasema mengi, mnavyo vizuri kuliko tulivyokuwa navyo: kifaa cha ishara mwilini kikiwa kimewashwa, ufito wa kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, beleshi la chuma na si la plastiki. Begi lenye puto la kukubakiza juu ya theluji husaidia, lakini halikuzuii kugongwa mtini. Ninalotaka mlishike ni saa. Takwimu za Uswisi za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba aliyefukuliwa ndani ya dakika 15 alikuwa na nafasi ya karibu asilimia 90 ya kuishi. Zikifika dakika 35 imebaki theluthi hivi. Tafiti za baadaye zimezidi kuufupisha muda huo, hadi kama dakika 10. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Theluji iliyoporomoka ikisimama huwa ngumu kama saruji, na kuifukua ni kazi ya kupokezana. Kwa hiyo mwenye kukuokoa ni yule uliyepanda naye, awe anajua au hajui. Je, mara ya mwisho mlifanya mazoezi lini? Najua jibu, msiniambie.

Na daraja la 3 la tahadhari! Mnalisoma kama maksi ya wastani, la katikati, basi twende. Uswisi daraja hilo hutangazwa kama theluthi moja ya siku za majira ya baridi, na karibu nusu ya vifo hutokea ndani yake. Daraja la 5 haliui watelezaji wengi kwa sababu siku hiyo hata jogoo hatoki nje. La 3 ndilo lenye jua, theluji mpya na hatari isiyoonekana kwa macho.

Sasa nawaomba mambo mawili tu. La kwanza, "hapana" ya mmoja iwe ya wote, na isidaiwe sababu. Mgeni wenu wa siku ya kwanza akisema tumbo linamkataza, mnageuka, na njiani hakuna kumtania. Utani ndio ulioniponza mimi. Pia mpangane chini, kabla ya kupanda, mteremko upi leo hauguswi hata ukiwaita kwa jina, kwa kuwa ukingoni akili huwa imeshatangulia kuteleza. Mkifika mahali pa shaka, avuke mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali ambapo poromoko haliwezi kufika.

La pili ni gumu zaidi. Andikeni yale ya Jumapili. Si video, video inaonyesha ufa tu. Andikeni mliamka saa ngapi, mlisoma nini, nani alitangulia na kwa nini yeye, upepo ulivuma kutoka wapi, theluji ilitoa sauti gani, nani alisita. Kila mmoja aandike peke yake kabla ya kulinganisha, maana mkikaa pamoja mtatunga hadithi moja nzuri, kama nilivyotunga mimi. Majina yawekeni au msiyaweke. Kisha waachieni wengine wasome. Mtachekwa na wawili watatu. Mimi nimeshaanza, ya ngoma mmeshaisoma.

Video ile nimeisikiliza mara nne, safari hii bila kutazama picha. Kabla ya ufa kuna sauti nyuma kabisa, upepo unaimeza, lakini inasema "hebu ngojeni". Sijui ni ya nani kati yenu. Mwenye sauti hiyo, nataka karatasi yako kwanza.

Mzee wenu